Vielelezo Viwili Vyenye Masikio

Kielelezo cha kwanza kilikuwa kimelikojolea jalada la kesi yake chenyewe. Sajini Limi alilivuta kutoka chini ya kreti la bia, akalikung'utia dirishani, akaliegemeza ukutani likauke, kisha akawainamia mashahidi wake wasio na maneno. Ndani ya kreti walikuwa sungura wawili, dume na jike, weupe, wenye macho mekundu. Pua, masikio, miguu na mkia vilikuwa vyeusi kana kwamba kuna mtu aliyewashika mgongoni akawachovya ncha zote kwenye wino. Tangu jana jioni hakuna askari aliyekumbuka kwamba kielelezo chenye pumzi hula. Limi alikuwa amewaletea majani ya viazi kutoka kwake, na sasa walikuwa wanatafuna bila aibu.

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, Jumamosi ya Saba Saba, mwaka 1984. Saa kumi alasiri mgeni rasmi angegawa zawadi kwenye uwanja wa maonyesho, na jozi ya sungura iliyoshinda ingepandishwa treni kwenda kuuwakilisha mkoa Dar es Salaam. Mshindi alikuwa Epifania, mjane wa mtaa wa Kambarage mwenye asili ya Ushirombo. Taabu ni kwamba mshindi alikuwa selo. Ijumaa mchana alifungwa pingu mbele ya umati, utepe wa ushindi ukiwa bado mkononi, kwa kuwa Damian Mihayo, mwenye mashine tatu za kusaga, alipaza sauti kwamba sungura wale ni wake na waliibwa Jumapili iliyopita. Mtu mwenye mashine tatu akipaza sauti, watu husikia haraka.

Inspekta Kamili aliingia bila kubisha hodi, kwa sababu mlango ulikuwa wake.

"Hujamaliza tu?"

"Sijaanza, Afande."

"Uanze nini? Mzee Mihayo alitoa taarifa Jumatatu. Wadogo, weupe, macho mekundu, ncha nyeusi. Hawa hapa. Andika jalada, Jumatatu yule mama asimame kizimbani. Na leo kabla ya saa kumi mwenye mali akabidhiwe mali yake."

"Na kama si yake?"

"Watu wangapi Shinyanga hii wanafuga sungura wa namna hii?"

"Wawili, Afande. Huyo mlalamikaji na huyo mliyemfungia. Ndiyo shida yangu."

Kamili aliangalia saa yake. "Una mpaka saa nane," alisema, akatoka. Limi hakupenda kuhadithiwa mwisho wa kesi kabla hajaisoma mwanzo. Miaka kumi na miwili ya upelelezi haikumpa cheo kikubwa, ila ilimpa tabia hiyo, na alikuwa ameshaamua kwamba jalada lile halitaandikwa kwa imla.

Alimtuma koplo amlete Bwana Mifugo Theonest, aliyekuwa mwamuzi wa maonyesho. Theonest alifika na mizani ndogo, futi kamba na jasho la mtu aliyeota ndoto mbaya. Jana, Mihayo alipopiga kelele, Limi alikuwepo uwanjani na alimwona mwamuzi huyu akiangalia viatu vyake.

"Ulimwandika Mama Klara ana sungura aina ya Himalaya," Limi alisema, akitumia jina ambalo Kambarage nzima ilimwitia Epifania. "Mihayo katika taarifa yake anasema ni aina ile ndogo, vibeti vya Kiholanzi. Nitofautishie."

"Wanafanana, Sajini. Rangi ile ile, macho yale yale, wote wadogo."

"Sikukuuliza wanavyofanana."

Theonest alilisogelea kreti. Alimtoa jike, akamweka juu ya gunia lililotandikwa mezani. Sungura akajinyoosha, tumbo chini, mrefu na mwembamba. "Himalaya hukaa hivi. Ukimweka mezani analala kama mchi. Kibeti hujikunja, duara, kama ngumi. Kichwa cha kibeti ni mviringo, cha huyu kimechongoka. Na masikio." Akapima. "Inchi tatu na nusu. Kibeti hazidi inchi mbili. Uzito kilo moja na robo. Kibeti mzuri hata kilo hafiki."

"Basi ni Himalaya. Kesi imekwisha."

"Haijaisha." Theonest alishusha sauti. "Kuna vibeti vilivyotoka vibaya. Katika uzao mmoja unaweza kupata mmoja au wawili wenye masikio marefu na mwili mkubwa, ingawa baba na mama ni vibeti halisi. Wakili akiniuliza mahakamani kama haiwezekani kabisa, siwezi kuapa."

Limi alichukua kalamu. Mtu yule alikuwa mwoga, lakini mwoga mwenye elimu, na ukweli wa mwoga ni ukweli pia. Aliandika yote, masikio kwa inchi na uzito kwa kilo. Kisha akamgeuza sungura mwenyewe, taratibu, kama alivyozoea kukagua mwili wowote alioletewa, na hapo ndipo alipoliona baka.

Lilikuwa kwenye paja la kushoto, limepanda hadi ubavuni, la rangi ya moshi, upana wa kiganja cha mtoto. Akamchukua dume. Baka lilikuwepo, paja lile lile, dogo kidogo.

"Hilo nilimpunguzia maksi," Theonest alisema. "Nilidhani masizi."

Limi alichovya kitambaa katika maji ya sabuni, akasugua. Akajaribu na spiriti ya sanduku la huduma ya kwanza. Kitambaa kikabaki cheupe. Akang'oa nywele tatu, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha: nyeusi tangu shinani. Si masizi, wala si rangi ya dukani.

Akiwa bado amezishikilia nywele, Damian Mihayo akaingia. Alikuwa mtu mpana, suti ya kaunda, kalamu tatu mfukoni. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye paja la sungura aliyekuwa amelazwa ubavu.

"Shikamoo, baba," Limi alisema, kwa maana adabu haina mlalamikaji wala mshitakiwa.

"Marahaba. Umeliona baka? Nilikuwa nakuja kukuambia hilo hilo. Ndiyo alama yangu."

"Uliwatia wewe?"

"Walizaliwa nayo. Wamezaliwa kwangu, mwezi wa kwanza, mama yao akafa. Niliwatoa kwenye nyasi kwa mikono yangu, siku ile ile, na baka niliwaona nalo." Akacheka kidogo. "Wewe ni binti wa wafugaji, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "tangu lini mnyama akabadilisha baka lake?"

Limi aliyajua hayo tangu utoto. Baba yake alikuwa akisimama mnadani mbele ya ng'ombe mia wa watu, anamwonyesha mmoja kwa fimbo na kusema, huyu ni mtoto wa yule wangu mwenye doa la jicho, na kesi inakwisha papo hapo. Kwa Wasukuma, baka la mnyama ni hati. Anazaliwa nalo, anakufa nalo, na ngozi inatandikwa nalo. Alihisi kesi ya Mama Klara ikimponyoka mkononi, na jambo hilo lilimuudhi sana.

"Taarifa yako ya Jumatatu haikutaja baka," alisema.

"Nilisahau. Nilikuwa na hasira."

"Basi tuliandike sasa lisisahaulike tena. Walizaliwa nalo, uliwaona nalo siku ya kwanza?"

"Andika hivyo hivyo."

Aliandika hivyo hivyo, akamsomea, akamgeuzia karatasi. Mihayo akachagua kalamu moja kati ya zile tatu, akasaini kwa kujinafasi.

Epifania alikuwa amekaa kwenye sakafu ya selo, mgongo umenyooka, kitenge amejifunga vizuri kama anayesubiri misa. Alikuwa na miaka arobaini hivi. Limi alichuchumaa upande wa pili wa nondo.

"Mama Klara, sungura wako wana baka pajani. Limetoka wapi?"

"Jana nilisema kwa sauti mpaka nikakauka. Kuna aliyesikiliza?"

"Mimi nasikiliza sasa."

"Wewe ulikuwepo uwanjani. Uliona naburutwa."

"Niliona."

"Ukafanya nini?"

Limi alifungua daftari lake kwenye ukurasa mpya. Swali lilikuwa la haki.

"Sitakuomba," Epifania alisema. "Wala sitakulilia. Wakubwa zako usiku walinitaka nikiri, eti nitapigwa faini ndogo niende. Nikawaambia sijui kukiri kosa la mtu mwingine, hata kwa padre huwa napeleka yangu tu. Ukitaka kujua baka limetoka wapi, nenda kwangu ukaangalie. Jirani yangu Nyamizi ana ufunguo. Nikikuambia mimi, watasema nimekufundisha."

Ilikuwa hoja ya kipelelezi kuliko zote alizosikia Limi asubuhi ile. Akamchukua Theonest na mizani yake, wakashika njia ya Kambarage kwa miguu, kwa sababu Landrova ya kituo ilikuwa uwanjani ikilinda mgeni rasmi ambaye hajafika.

Nyamizi aliwapokea uani kwa salamu ya Kisukuma. Alikuwa bibi mfupi, mkono mmoja umeshika ndoo ya maji.

"Mwangaluka, mayu. Mmekuja kuchukua na hawa waliobaki?"

"Tumekuja kuangalia tu," Limi alisema. "Hao walioshinda walikuwepo hapa tangu lini?"

"Tangu Kwaresima, walipozaliwa. Niliwaona."

Limi aliandika, ingawa alijua uzito wake. Wakili angesema jirani si shahidi, ni jirani. "Na hiyo ndoo ya nini?"

"Ya mtungi. Mama Klara amenitumia ujumbe kwa askari aliyempelekea uji: mwambie Nyamizi asiuache mtungi ukauke. Yuko ndani na anawaza mtungi."

Banda lilikuwa la udongo, jembamba kama kichochoro, paa la nyasi nene. Jua la saa tano lilikuwa limeanza kuuma, lakini Limi alipoingiza mkono ndani alikuta ubaridi. Upande wa kulia ukiingilia mlangoni, yaani kushoto kwa anayeutazama mlango kutoka ndani, mtungi wa udongo ulikuwa umezikwa nusu, unatoa jasho. Kila mtu wa Shinyanga anajua mtungi wa maji hupoa kwa kuvuja. Limi hakuwa amewahi kuona mtu akiwawekea sungura.

Kwenye kona ya ndani alikuwepo sungura mzee, mama yao. Limi akamtoa. Masikio marefu, kichwa kilichochongoka, na paja la kushoto lilikuwa na baka, kubwa kuliko mabaka ya watoto wake wote wawili.

"Familia nzima," Theonest alisema kwa huzuni. "Basi ni la kuzaliwa."

Limi naye alidhani hivyo. Kwa ng'ombe ingekuwa hivyo. Lakini alishazoea kufika mwisho wa banda kabla ya kutoa hukumu, akaingiza mkono tena, akapapasa kwenye nyasi kavu nyuma ya mtungi, akagusa kitu cha joto. Alitoa vitoto vitano, mmoja baada ya mwingine, akavipanga juu ya kanga ya Nyamizi. Vilikuwa na manyoya laini na macho yaliyofumbuka juzi juzi.

Vilikuwa vyeupe. Pua nyeupe, masikio meupe, mapaja meupe.

"Bwana Mifugo," Limi alisema polepole, "pua nyeusi iko wapi?"

Theonest aliiinamia kanga. Kisha uso wake ukabadilika, ukawa wa mwanafunzi aliyekumbuka jibu baada ya mtihani. "Hawazaliwi nayo," alisema. "Mungu wangu, tulifundishwa chuoni. Mwenye rangi hii, awe Himalaya, awe kibeti, huzaliwa mweupe. Weusi huja baadaye, na huja pale tu mwili unapopata baridi. Puani, masikioni, miguuni. Penye joto nywele huota nyeupe."

"Na pajani?"

"Pajani pana joto. Nywele haziwezi kuota nyeusi, labda mnyama awe anaegemea kitu..."

Hakumaliza. Wote wawili waligeuka wakautazama mtungi.

Limi hakutaka nadharia, alitaka kuona. Alimrudisha mama sungura bandani, akakaa chini na kungoja, saa mkononi. Baada ya dakika kumi na moja mnyama alijigeuza kichwa kielekee mlangoni, apate kuona anayekuja, na kwa kuwa banda lilikuwa jembamba, ubavu wake wa kushoto ulikutana na mtungi. Akalala palepale, akafumba macho, raha mustarehe.

"Nywele nyeupe inaweza kugeuka nyeusi kwa siku sita?" Limi aliuliza. "Tuseme waliibwa Jumapili, wakaletwa hapa."

"Haigeuki kabisa. Ya zamani lazima idondoke, iote mpya. Baka la ukubwa ule ni wiki tano, sita za kulala hapa."

"Utayaandika hayo?"

Theonest aliutazama uso wa Nyamizi, akautazama mtungi. "Jana nilijua ni Himalaya," alisema. "Nilijua kabisa, nikanyamaza. Nipe karatasi."

Saa saba kasoro walikuwa uani kwa Mihayo. Mwenyewe alikuwa uwanjani akipokea pongezi za mapema. Mlinzi wake, Felician, mzee wa Kizinza aliyekonda, aliwafungulia. Banda la sungura lilikuwa jipya, la mbao zilizorandwa, limepakwa rangi, na juu yake mabati mapya yaking'aa mpaka macho yanauma. Lilikuwa tupu. Limi aliweka kiganja chini ya bati, akakiondoa upesi. Kuoka mkate ungeweza.

"Shikamoo, mzee. Kufuli lilivunjwa wapi?"

"Marahaba. Kufuli halijavunjwa."

"Mwizi aliingiaje?"

Felician alikuna kidevu. "Bosi anasema aliingia."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nina watoto sita, mayu."

"Sungura wanaweza kuishi humu saa saba mchana?"

"Niliomba nyasi za kuezekea. Akasema nyasi ni za maskini, mgeni rasmi anaweza kupita kuwaona." Hasira iliyokuwa imelala muda mrefu ikaamka katika sauti ya mzee. "Walikuwa wazuri, wadogo, masikio kama dole gumba. Jumapili nilitoka misa nikawakuta wamejinyoosha, wamekufa, midomo wazi. Niliwazika kule nyuma ya choo, na koleo alinipa yeye. Sasa yule mama anafungwa kwa ajili ya bati?"

"Utanionyesha walipozikwa?"

"Nitakuonyesha, na nitakushikia koleo. Watoto watakula hata kwa mwingine."

Saa nane kasoro robo Limi aliweka mezani kwa Inspekta Kamili karatasi tatu na gazeti lililofunga kitu chenye harufu. Kamili alisoma, akasogeza kiti mbali na gazeti, akasoma tena. Mihayo, aliyekuwa ameitwa kutoka uwanjani, alisimama karibu na mlango. Alipoambiwa masikio yaliyomo kwenye gazeti yalikuwa na inchi mbili kasoro, kalamu zake tatu hazikumsaidia.

"Nilikosea," alisema. "Wanafanana. Mtu yeyote angekosea."

"Kweli wanafanana," Kamili alidakia. "Kosa la macho, Sajini. Yaishe."

"Macho hayasaini, Afande. Hii hapa saini. Anasema aliwaona wakizaliwa na baka ambalo hakuna sungura wa rangi hiyo anayezaliwa nalo. Na Jumatatu alitoa taarifa ya wizi wa maiti alizozitolea koleo mwenyewe. Naandika shitaka la kutoa taarifa za uongo kwa polisi. Kama unataka lisiandikwe, niandikie wewe amri hiyo, uweke na cheo chako, niiambatanishe."

Kamili alizisukuma karatasi pembeni. Hakuandika amri. Alichukua ufunguo, akaenda selo mwenyewe, na Limi akamfuata na kreti la bia.

"Mama, uko huru," Kamili alisema, akafungua mlango hadi mwisho. "Sungura wako hawa; wa Mzee Mihayo wamefukuliwa nyuma ya choo chake. Pitia mlango wa nyuma, uende nyumbani ukapumzike."

Epifania hakuinuka. "Siendi."

"Mlango uko wazi."

"Nauona."

"Mama, umeshinda. Unataka nini tena?"

"Jana mlinitoa uwanjani kwa Landrova, pingu mkononi, na kipaza sauti kikasema mwizi amekamatwa. Watu walipiga makofi. Binti yangu alikuwepo." Alisema polepole, kama mtu anayepanga vyombo kabatini. "Nirudisheni kwa Landrova ile ile. Kipaza sauti kile kile kiseme jina langu lote. Na huyo mwenye mashine asimame pale, aseme kilichozikwa nyuma ya choo. Mlango wa nyuma ni wa wezi."

"Na nikisema haiwezekani?"

"Nitalala hapa. Kesho Jumapili. Padre ataniulizia misa ya kwanza, na parokia nzima itataka kujua kwa nini mtu asiye na kosa yuko selo."

Saa ya ukutani ilisema nane na dakika tano. Kamili alijifuta shingo, akageuka. Kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa ya kuomba.

"Sajini, mtoe huyu mama."

Limi aliliweka kreti sakafuni, akakaa juu ya benchi la mahabusu, kando ya Epifania.

"Kwa kosa gani, Afande?"

Sungura walikuwa wakitafuna majani yao. Baada ya kitambo Inspekta Kamili alitoka, na wakamsikia akipiga simu uwanjani kuagiza Landrova irudi.